Kamba ya Mabati Mawili

Kila asubuhi baada ya mvua, Sisimizi alikuwa na kazi moja kabla ya kunawa uso: kumwaga ndoo tatu. Moja ilikaa kando ya cherehani ya mama, moja mlangoni, na moja juu ya kitanda chake mwenyewe. Paa lilikuwa limeliwa na kutu hadi nyota zikaonekana. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja. Jina la Sisimizi alipewa na mjomba wake waliyeishi naye, kwa kuwa hakutulia hata akiwa amekaa.

Mama yake alishona sare za shule, na hakuwa mtu wa kumpa fundi kazi kwa kusikia sifa. Fundi wa kwanza alitazama juu, akasema ataziba matundu kwa lami, mambo yatakuwa shwari.

"Lami itakaa miaka mingapi?" mama aliuliza.

Fundi akakuna kichwa. Mama akamwonyesha mlango.

Wa pili aliitwa Fundi Mpira. Mama alimtaka amwonyeshe nyumba aliyoiezeka miaka mitano nyuma. Akaenda huko siku ya mvua kubwa, akaomba kiti, akakaa saa nzima akitazama juu. Halikudondoka hata tone. Hapo ndipo alipomwambia, "Njoo Jumatatu."

Jumatatu uani palikuwa kama vitani. Mabati ya zamani yaling'olewa kwa mtaimbo, yakalia kwa uchungu, yakatupwa chini kwa kishindo. Nyundo ziligonga hadi vikombe vikatikisika kabatini.

"Mbona unapiga misumari mgongoni mwa bati, si bondeni?" mama aliuliza kutoka chini.

"Maji hupita bondeni, mama. Nikitoboa huko nitakuwa nimeyafungulia mlango. Na kila msumari lazima uvae mpira chini ya kofia yake. Ndiyo maana wakanipa jina hili."

Kufikia saa nane yalibaki mabati mawili ya ukingoni, na misumari ikaisha. Fundi alipitisha kamba nene juu ya mabati hayo, akaikaza kwenye nguzo mbili za baraza mpaka ikalia.

"Upepo hauanzii katikati ya paa," alimwambia Sisimizi. "Huanzia ukingoni, hutafuta pa kuingiza kucha. Naenda dukani kununua misumari. Kamba hii isiguswe mpaka nirudi. Umenisikia?"

"Nimesikia, fundi."

Mama alirudi kwenye cherehani. Mbingu zilikuwa nyeupe. Domo, mtoto wa jirani, akachungulia getini.

"Kamba yetu ya kuruka imekatika," alisema. "Hiyo hapo inafaa."

"Fundi amekataza."

"Fundi mwenyewe yuko wapi? Turuke mia moja tu, uirudishe. Au unaogopa nitakushinda?"

Sisimizi hakuwa wa kuambiwa hivyo akanyamaza. Aliifungua kamba, akapiga fundo kila ncha ili isiteleze mkononi, wakatoka mpaka kona ya barabara. Alikuwa ameruka themanini na nne vumbi lilipowapiga machoni.

Upepo haukupiga hodi. Ulivunja tawi, ukabwaga ukuta wa banda la jirani, ukamsukuma Sisimizi hadi akapiga magoti. Alikimbia nyumbani na kamba mkononi, mvua kubwa ikianza kumwagika. Alipofika getini, bati la ukingoni lilikuwa limeinuka na kubamiza mbao. Likainuka tena, likabamiza. Mara ya tatu halikurudi. Lilikata uani kama panga lililorushwa.

Mama alikuwa kwenye kamba ya nguo, akianua sare. Bati lilimpitia mkononi, kutoka begani hadi karibu na kiwiko.  Alitazama tu mashati meupe yakigeuka mekundu, kisha akaketi chini.

Mjomba, mpakia mizigo mwenye mabega kama mlango, alitoka ndani mbio, akararua shati moja na kuufunga mkono huo kwa nguvu. Wakati huohuo Fundi Mpira akaingia, amelowa, pakiti ya misumari mkononi. Mjomba alimkamata shingoni.

"Ulifunga nini wewe?"

"Nilifunga kamba, kwenye nguzo hizi hapa!"

"Iko wapi? Nguzo ziko uchi!"

Ngumi ya kwanza ilimpasua fundi mdomo. Ya pili ilimwangusha, misumari ikatawanyika matopeni. Majirani wawili wakaruka ua. Mmoja alimpiga teke la mbavu. Mwingine akaokota mtaimbo.

"Muuaji! Mnamwona, anadanganya huku mtu anatoka damu!"

Fundi alijikunja, mikono kichwani. Sisimizi alisimama nyuma ya tangi la maji. Hakuna aliyemtazama, wala aliyemuuliza kitu. Angeweza kuitupa kamba nyuma ya tangi, na isingejulikana kamwe. Mtaimbo ukainuliwa.

Alikimbia, akajitupa juu ya mgongo wa fundi.

"Ni mimi! Nimeifungua mimi! Hii hapa, tazameni mafundo yangu!"

Mtaimbo ulibaki hewani, kisha ukashuka polepole. Mjomba aliitazama kamba, akayatazama mafundo mawili, akamgeukia Sisimizi na kiganja kimeinuliwa.

"Ushushe mkono huo, kaka," mama alisema kutoka chini. "Leo pamepigwa vya kutosha."

Zahanatini mama alishonwa nyuzi kumi na nane. Fundi alishonwa nne.

Keshoye asubuhi fundi alirudi, jicho moja limefumba. Mjomba alimshikia ngazi bila kuombwa, na alipomwomba radhi hakuinua uso. Fundi alijibu, "Nipe msumari." Baadaye kidogo akaongeza, "Na mimi nina kosa langu. Katazo kama lile nilipaswa kumwambia mama mwenye nyumba, si mtoto peke yake."

Mabati yalipokaa, mama aliwaita barazani, mkono wake ukining'inia shingoni kwa kitambaa.

"Kaka, uliuliza swali zuri: kamba iko wapi. Lakini ulipiga kabla ya kulitafutia jibu." Kisha akamgeukia binti yake. "Na wewe mwanangu, kosa la kufungua kamba limenikata mkono. Kosa la kunyamaza lingemuua mtu asiye na hatia. Ulisema, na nimeliona hilo. Lakini ulisema mtaimbo ukiwa tayari juu. Siku nyingine ukikosea, sema kabla ya mtu mwingine kulipia."

"Sawa, mama," alisema Sisimizi.

Kwa wiki sita zilizofuata ndiye aliyezungusha gurudumu la cherehani, mama akiongoza kitambaa kwa mkono mmoja. Mvua ilinyesha mara nyingi. Ndoo tatu zilikaa uani, zimefunikwa kifudifudi.