Mawe ya Redio ya Danieli

Yaliyomkuta rafiki yangu Matilda, pale Mafinga, yamenifanya nilale na mwanangu kifuani.

Shemeji yake Danieli alivamiwa na wezi wakitaka redio yake. Aliikumbatia, wakamkata vidole viwili kwa panga, hakuiachia, wakamkata mpaka akafa nayo kifuani. Matanga yalipoanuliwa, vitu vya marehemu vikagawanywa, redio ikamwangukia Matilda. Haikusema tena, ilikoroma tu kama mtu aliyechinjwa, na mtoto wake Esta akagoma kunyonya.

Akaipeleka kwa fundi achomoe nyaya na spika, vinavyofaa vifae. Fundi akaifungua, akaifunga upesi.

"Mama Esta, hii siigusi. Ina damu mpaka ndani."

"Mwanaume mzima unaogopa damu iliyokauka?"

"Imekauka? Haya, gusa."

Hakugusa. Alirudi nayo nyumbani, akaipasua kwa shoka, kishindo juu ya kishindo, vibanzi vyote akavitupa shimoni. Mawe yake tu, yaani betri, hakuyatupa, maana nani asiyejua unga wake mweusi unavyopendeza ukutani? Akayaponda, akachanganya na samadi, akasiliba ukuta wa chumbani, Esta amelala kitandani.

Jioni ukungu ukashuka, chumba kikawa giza. Matilda akiwa jikoni akasikia mkoromo ule ule, unatoka kitandani. Akakimbia na kibatari, akamnyakua mwanawe. Alikuwa anapumua, macho kodo. Mgongoni, mithili ya aliyekumbatiwa, palikuwa na alama nyeusi, mbichi, ya kiganja kikubwa chenye vidole vitatu.