Maneno ya Kwenye Boksi

Watu wa asubuhi walikuwa wamejazana kwenye ngazi za stesheni pale soli ya kiatu cha kijana mmoja mtanashati ilipofunguka. Suti yake ya kijivu ilikuwa imenyooshwa vizuri na tai ya bluu imemkaa, lakini kila akikanyaga kiatu kilipiga kofi.

"Kaka, kiatu chako kinaongea," sauti ya kike ilimwambia.

Akageuka. Binti wa gauni la njano na aproni ya ngozi, begi la zana begani, alikuwa akimtazama miguuni.

"Kinasemaje?"

"Kinasema uliuziwa maneno. Hiyo si ngozi hata kidogo. Vua."

Kijana akacheka mpaka akashika reli, maana kuuza maneno ndiyo kazi yake. Alikuwa mtunzi wa matangazo, na wenzake kazini walimwita Maneno. Binti alikuwa mshona viatu, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Alikipaka kiatu gundi palepale, na kijana akasimama kwa mguu mmoja kama korongo, watu wakimpiga vikumbo.

"Naomba namba yako, kiatu cha kushoto kikiharibika," alisema.

Cha kushoto kilikuwa kizima. Jioni hiyohiyo akapiga.

Mapenzi yakakolea. Fundi alipokuwa karibu kufungua duka lake, Maneno alimwambia, "Mpenzi, mtu hanunui ngozi na uzi tu. Ananunua kisa cha kusimulia akiulizwa umevitoa wapi. Nipe kisa, nikiandike kwenye mfuniko wa boksi la viatu."

Fundi akamweleza asilolieleza kirahisi. Dada yake mkubwa, ambaye sasa ni mwalimu, alizaliwa na mguu mmoja mfupi, na hakuna kiatu cha dukani kilichomfaa. Fundi, akiwa bado msichana wa shule, alikata begi kuukuu la ngozi akamshonea viatu, soli moja nene kuliko nyingine.

"Vilimkaa vizuri kabisa. Alivivaa mpaka vikaisha."

Macho ya Maneno yakang'aa, na mng'ao ule ndio uliomtia Fundi wasiwasi wa kwanza. *Ananipenda mimi, au amepata mali ya kazini?*

Haukupita muda, mambo yakabadilika. Simu ya Maneno ikaanza kulala kifudifudi mezani. Ikilia, anatoka nje. Siku moja, nyumbani kwa Maneno, Fundi alipita dirishani akamsikia akinong'ona, "Usilie. Hatajua."

"Ulikuwa unaongea na nani?" alimuuliza aliporudi ndani.

"Mteja tu, mpenzi."

"Wateja wenu siku hizi wanabembelezwa wasilie?"

"Tangazo lake limemkera," alijibu, akaenda kunawa mikono.

Simu ikaita tena. Fundi akaigeuza. Halikuwapo jina, ila namba ile aliijua kwa kichwa. Ilikuwa ya dada yake.

Hakupiga kelele. Alitembea mpaka nyumbani kwake, akakaa kitandani, akampigia dada.

"Dada, hujambo? Umeongea na Maneno karibuni?"

"Mimi? Niongee naye nini? Wala!"

Fundi akakata simu. Mpenzi kamdanganya, na dada wa tumbo moja kamdanganya. Usingizi ulimpaa. Angekuwa mwanamke wa ofisini kwa Maneno, angemchamba, lakini huyu ndiye aliyemsuka nywele utotoni!

Jumamosi mchana akaenda kwa dada bila taarifa. Mlangoni akakuta viatu vya kiume. Hakuhitaji kuuliza ni vya nani, kwani gundi ile aliipaka mwenyewe.

Akasukuma mlango. Dada alikuwa mezani, macho mekundu. Maneno akasimama ghafla, kiti kikaanguka.

"Kaa," Fundi alisema. "Nani anaanza kunidanganya leo?"

"Mdogo wangu, si unavyodhani."

"Nadhani nini? Niambie wewe, mwalimu."

Dada akafuta pua. "Alikuja kuniomba ruhusa. Alisema mguu ni wangu, hawezi kuuandika bila mimi kuridhia. Akanisomea, *vilimkaa vizuri kabisa*. Nikashindwa kujizuia." Akautazama mguu wake. "Havikunikaa. Vilinibana. Siku ya kwanza tu vilinitoa malengelenge. Nilikuwa navivua nyuma ya darasa, navivaa tena nikikaribia nyumbani."

Fundi aliijenga kazi yake yote juu ya viatu vile.

"Kwa nini hukusema?"

"Vidole vyako vilikuwa vinatoka damu kwa sindano. Ukaniuliza, 'Dada, vimekukaa?' Ningekujibu nini?"

Fundi akamgeukia Maneno. "Na wewe ulijua."

"Aliniapisha. Sikuweza kuandika uongo, na kukueleza ukweli sikuweza pia."

"Ukaona afadhali uniache niwe kichaa."

Maneno akainama kukiinua kiti kilichoanguka. Fundi akatoka.

Siku kadhaa hakupokea simu. Maneno alipoandika "mpenzi wangu", alijibiwa, "Hapa hakuna mtu wa jina hilo." Hata hivyo, kila alipoinamia kazi, Fundi alimwona dada akilini, akija njiani na viatu vile, anatabasamu, miguu inawaka moto. Mwishowe akaandika mwenyewe maneno ya boksi:

*Viatu vya kwanza nilivyoshona vilimbana dada yangu. Alivivaa kwa sababu ananipenda. Wewe usinipende hivyo. Vikikubana, sema.*

Siku ya kufungua duka, dada alisimama mlangoni kwa gauni la kijani, akawasomea watu maneno yale kwa sauti ya darasani. Mama mmoja mnene akavua viatu vyake palepale. "Hivi alininunulia mume wangu. Vinaniua!" Watu wakaangua kicheko, kila mmoja akaanza kusimulia vyake. Maboksi ya viatu yakaisha kabla ya jua kushuka.

Maneno alingoja pembeni mpaka wateja wakaisha.

"Umeandika vizuri kuliko mimi," alisema.

"Usinipake mafuta. Nakuuliza, na usinipambie. Kuna kitu changu kinakubana, ukanyamaza?"

Akasita. "Kipo."

"Kipi?"

"Kushuku kwako. Tangu mwanzo, hata kabla sijakosa."

Fundi alimkazia macho, akitafuta uongo. Hakuuona.

"Hicho sitakivua leo wala kesho," alisema hatimaye. "Ila nitakilegeza."

"Na mimi simu yangu italala chali."

"Basi njoo nyumbani ukajitambulishe kwa wazazi. Tena ukifika, ongea kidogo."