Ubeti wa Tatu wa Théodore

Siku za Jumatano na Jumamosi, saa nane mchana, hakuna aliyejilaza katika nyumba ya Papa Anaclet, mtaa wa Nyakasanza, mjini Bunia. Hata angetaka, angelalia nini? Magodoro yote yalikuwa yametolewa vitandani na kuegemezwa kwenye kuta za sebule ili sauti isirukeruke. Jenereta ilikuwa imewashwa mbali, nyuma ya choo. Kuku nao walikuwa wamehamia uani kwa jirani bila kufukuzwa na mtu, maana siku hizi walipoona godoro la kwanza likipita mlangoni walijua wenyewe la kufanya.

Papa Anaclet alikuwa mwalimu wa hesabu, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kutunga nyimbo. Tena hazikuwa nyimbo za rumba wala za kwaya, ambazo Bunia nzima inazipenda, bali za roki, zenye gitaa la umeme linalokwaruza na ngoma zinazotikisa vikombe kabatini. Majirani hawakuchoka kumtania.

"Mwalimu, leo tena magitaa yako yanapigana?"

"Hayapigani, yanaongea," Papa Anaclet alijibu akicheka. "Ni weye tu haujajua luga yao."

Alikuwa na marafiki wawili wa kupiga nao. Mbusa, fundi wa redio sokoni, alipiga gitaa. Véronique, muuza samaki wa Ziwa Albert, alipiga ngoma kwa mikono ile ile iliyopasua samaki asubuhi, na aliyemsikia hakuuliza kwa nini vikombe vilitikisika. Kabla ya vita walikuwa wanne. Wa nne alikuwa Théodore, mwimbaji wao, na vita vilimchukua. Sasa kulikuwa na amani, amani ya kusikilizia, ile ya watu kuuliza kwanza habari za barabara ndipo wafunge mizigo. Papa Anaclet aliona asingoje zaidi. Alitaka nyimbo zao zote zirekodiwe kwenye kompyuta, za zamani na mpya, zisije zikapotea pamoja nao.

Binti yake Débora, wa miaka kumi na miwili, alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kusimama dirishani. Akisikia helikopta ya Umoja wa Mataifa inakuja, aliinua mkono na wote wakangoja ipite. Lakini baba yake akishasema "Tayari," ilikuwa mwiko mtu yeyote kutoa sauti, hata kukohoa. Kazi ya pili ilikuwa kunakili maneno ya nyimbo za zamani kutoka kwenye kaseti, kwa sababu mwandiko wake ulisomeka kuliko wa mwalimu mwenyewe.

Kati ya kaseti hizo, moja ilitunzwa peke yake ndani ya kopo la maziwa ya unga. Papa Anaclet alikimbia nayo wakati wa vita, akaacha viatu lakini kaseti akaibeba. Ndani yake ilikuwamo sauti ya Théodore, na kwa miaka kumi hakuwa na moyo wa kuisikiliza.

Jumatano moja, mazoezi yalipoahirishwa kwa sababu ya mkutano wa walimu, alilifungua lile kopo kabla hajaondoka.

"Débora, leo andika hii. Ubeti wa kwanza na wa pili siye tunaijua. Wa tatu, Théodore aliutunga asubuhi ile ile ya kurekodi, akauimba mara moja tu. Mimi nilikuwa napigana na uzi wa gitaa uliokatika, sikusikia neno hata moja. Ni ubeti wa Mama Honorine, muke wake. Jumamosi anatoka Komanda kuja kuusikiliza. Barabara iko muzuri wiki hii."

"Ndiyo, papa."

"Na usirudishe kaseti kwa kubonyeza redio. Tumia bic."

Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba. Redio ya kaseti ilikuwa ya Mbusa na ilikuwa imezeeka. Ukibonyeza kitufe cha kurudisha nyuma, ilitafuna utepe. Kwa hiyo kaseti ilirudishwa kwa kalamu ya bic, iliyopitishwa kwenye tundu na kuzungushwa polepole, mpaka vidole vichoke.

Débora alinakili ubeti wa kwanza na wa pili vizuri. Ubeti wa tatu ulipoanza, nje alimsikia rafiki yake Tina akimwita. Wasichana walikuwa wanaruka kamba, na zamu yake imefika. Akili yake ikatoka dirishani, na iliporudi ubeti ulikuwa umekwisha bila yeye kuandika kitu. Akaitazama bic. Akatazama nje, kamba inavyozunguka.

"Mara moja tu," alijiambia, akabonyeza kitufe.

Redio ilikoroma, kisha ikanyamaza. Alipoifungua, utepe ulikuwa umejisokota ndani. Akauvuta. Ukakatika. Akavuta tena, ukakatika mara ya pili, na kipande chenye urefu kama wa mkono wake kikabaki kiganjani, kimekunjamana.

Kucheza kamba alikusahau kabisa. Alikikunja kile kipande katika karatasi akakificha kwenye kopo lake la vifaa vya hesabu, kwa sababu hakuwa na ujasiri wa kukitupa. Kisha akashika kalamu na kutunga ubeti wa tatu yeye mwenyewe:

Honorine, ua la moyo wangu,
nyota za mbinguni zinaliita jina lako,
nitakupenda hadi mwisho wa dunia.

Jioni Papa Anaclet alisimama mlangoni akausoma ule ukurasa mara mbili. Macho yake yakalowa.

"Théodore alikuwa na maneno," alisema kwa sauti ya chini. "Honorine atafurahi."

Débora alisema hana njaa, akaacha bugali yake na sombe ya majani ya muhogo kwenye sahani.

Kesho yake, wakati wa mapumziko shuleni, alimweleza Tina siri yake.

"Nyamaza tu," Tina alimshauri. "Nani atajua? Aliyeimba alishakufa."

"Ndiyo hapo," Débora alijibu. "Hawezi kusema, apana, ile si yangu."

Kengele ikalia, wakarudi darasani.

Jumamosi Mama Honorine aliwasili juu ya pikipiki, mwekundu kwa vumbi kuanzia kitambaa cha kichwani hadi miguuni, akiwa amepakata mkungu wa ndizi. Alikuwa mama mwembamba, mpole. Aliwasalimu wote, kisha akamshika Débora mikono yote miwili.

"Ni weye uliandika maneno ya bwana yangu? Aksanti sana, mutoto yangu. Niliusikia ule ubeti mara moja tu, na miaka hii yote najaribu kuukumbuka. Nabaki na kitu moja: kulikuwa moto mule ndani. Moto ya jikoni. Lakini kichwa inasahau."

Débora alitazama chini. Katika ubeti wake kulikuwa na ua, nyota na mwisho wa dunia. Moto haukuwamo.

Walianza haraka, kwa sababu mafuta ya jenereta yalikuwa yamebaki kidogo. Mama Honorine aliketi kwenye kigoda akiwa amevalishwa visikizio masikioni. Mara ya kwanza helikopta ikapita. Mara ya pili Véronique alidondosha kijiti kimoja na kujilaumu mwenyewe. Mara ya tatu Papa Anaclet alisema, "Tayari," na safari hiyo kila kitu kikakaa mahali pake. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, na wote watatu walitazamana kwa furaha kwa sababu walijua wameupata wimbo. Mbusa akapiga ule mpigo mrefu wa gitaa unaoelekea ubeti wa tatu.

Débora, pale dirishani, alimtazama Mama Honorine. Alikuwa amefumba macho na kuinua uso, akingoja. Amengoja miaka kumi, na sasa anakwenda kupewa kitu ambacho si chake. Débora akahisi hawezi tena. Akapiga moyo konde.

"Papa, simama! Maneno hayo si ya tonton Théodore! Ni yangu mimi!"

Gitaa likakoma. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kutenda kosa kama hilo.

"Débora!" Véronique alifoka. "Tulikuwa tumeupata! Na mafuta inaisha!"

Papa Anaclet alivua gitaa lake taratibu na kuliweka chini. "Sema tena," alisema.

Akasema yote, huku machozi yakimtiririka: kamba, kitufe, utepe, na zile nyota za mbinguni. Mama Honorine alikuwa amevua visikizio na kuvishika magotini.

Mbusa peke yake ndiye aliyeuliza swali, tena swali la kifundi.

"Ule utepe uliokatika uliutupa?"

"Apana, tonton. Iko ndani ya kopo yangu ya hesabu."

"Lete mbio. Na weye, Véro, zima groupe kwanza, jenereta isimalize mafuta."

Mbusa alitandika kitambaa cheupe mezani. Aliifungua kaseti kwa bisibisi ndogo kama ya saa, akakinyoosha kile kipande kwa ukucha wa kidole gumba, sentimita kwa sentimita. Ncha zilizotafunwa alizikata kwa wembe, akaziunganisha kwa karatasi nyembamba ya gundi, mahali pawili. Alimwambia Débora amshikie taa ya mkononi, na Débora aliishika bila kutikisika, hata mkono ulipokufa ganzi. Kisha Mbusa akamkabidhi bic.

"Rudisha. Polepole."

Alizungusha. Alizungusha hata vidole vikauma, na hakuna aliyemharakisha. Redio ikawashwa kwa betri, na sauti ya Théodore ikaingia sebuleni, changa, yenye kukwaruza kidogo, kana kwamba ametoka tu kunywa maji. Papa Anaclet aligeukia ukuta na kukandamiza paji la uso kwenye godoro.

Honorine, niwekee viazi...

Hapo palikuwa na kiungo kimoja, sauti ikaruka, kisha ikaendelea:

...kwenye majivu ya moto wako.
Nakuja na vumbi lote la Bule,
usinicheke mlangoni.

"Viwili!" Mama Honorine alipaza sauti, akaruka kutoka kwenye kigoda. "Viazi viwili! Kimoja yangu, kimoja yake! Kila mara akitoka kuimba kule Bule, anafika na njaa, anakuta viazi viwili ndani ya majivu. Moto! Si nilisema kulikuwa moto?"

Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, akiupangusa uso kwa ncha ya kitenge, na vumbi la Komanda likamchora mistari mashavuni. Véronique, aliyekuwa na hasira muda si mrefu, alimkumbatia na kuanza kulia naye.

Mafuta yalitosha kurekodi mara moja tu. Papa Anaclet aliimba, na alipofika kwenye neno lililopotea alinyamaza, akamnyooshea Mama Honorine kidole. Yeye ndiye aliyelisema lile neno moja, kwa sauti ya mtu asiyezoea maikrofoni, na hivyo ndivyo lilivyobaki katika wimbo. Jenereta ilizimika gitaa la mwisho likiwa bado linavuma.

Baadaye, ndizi zikichemka uani na kuku wakiwa wamekwisha kurudi, Mama Honorine, akiwa na ule ukurasa mkononi, alimwita Débora akae karibu naye.

"Maneno yako ni mazuri, mutoto yangu. Mi mwenyewe sijawahi kuitwa ua. Lakini ungenyamaza, ingekuwaje? Ningesikia nyota, nyota, hakuna moto. Ningerudi Komanda nikisema ni mimi niliyemusahau bwana yangu. Hata vita haikuniondolea kumbukumbu yake. Uongo wako ungeiondoa, na mimi ningekushukuru juu yake."

Débora aliweka kichwa chake begani mwa mama yule, na Mama Honorine akamwacha alie.

"Sikiliza, Débora," Papa Anaclet alisema, akiwa bado na macho mekundu. "Kuharibu kitu, kila mutu anaharibu. Mimi nilikata nyuzi ngapi? Mutu anayesema ukweli mapema, tunakaa naye tunatengeneza. Anayeficha anatuacha tunajenga juu ya uongo, na siku inaanguka, inaangukia watu wengine. Weye ulisema ukichelewa, lakini ulisema. Juu ya ile nimefurahi. Juu ya kitufe, bado."

"Pardon, papa."

"Kuna kaseti ishirini na tisa mule ndani. Utazirudisha zote kwa bic. Na ubeti wako usiutupe. Utautungia wimbo wako mwenyewe, uandike jina lako juu, na Jumamosi moja tutaurekodi. Lakini punguza nyota."

Mbusa na Véronique wakaangua kicheko. Débora alifuta machozi, akaingia ndani, akatoka na kaseti ya kwanza na kalamu ya bic. Akaketi kando ya moto na kuanza kuzungusha, polepole. Nje ya ua Tina alimwita kucheza kamba.

"Nikimaliza!" Débora alijibu, na hakuinua macho.