Miwani ya Somo la Kwanza

Jumanne, tarehe 11 Juni 2024. Asubuhi hiyo ukungu ulishuka kijijini Daudi hadi kwenye madirisha, na baridi iliuma vidole.

Saa mbili na robo, miwani ya somo iliyopotea kabatini ilipatikana ndani ya kikapu cha Marieta. Ilikuwa miwani pekee ya darasa la watu wazima. Ukiivaa, maneno hutokea mbele ya macho, kila mtu kwa somo lake na kwa ukubwa wa herufi anaouweza. Mzee Tluway, mwenyekiti wa darasa na msomaji wa Zaburi kanisani, alifunga mlango na kutia ufunguo kwenye koti.

Koplo Doris wa polisi alipofika alifunguliwa, kisha mlango ukafungwa tena nyuma yake.

"Shikamoo, mzee. Mbona umewafungia watu?"

"Marahaba. Mwizi asitoke. Afutwe darasani leo hii."

Marieta, mjane wa miaka hamsini na mbili, alikuwa amebakiza wiki moja afanye mtihani. "Sijaiba, afande. Mungu anajua."

"Mungu haandikishi maelezo kituoni, mama. Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nakamua ng'ombe."

"Ufunguo wa kabati anao nani?"

"Mimi na mzee," alisema Mwalimu Nikolausi. Wote wakamgeukia. "Mnaniangalia nini? Mimi ndiye niliyetoa taarifa."

Doris aliivaa miwani. Ilikuwa imetunza matumizi ya mwisho: jana, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Herufi kubwa kama yai. Ba, be, bi, zimerudiwa mara thelathini na moja.

"Marieta yuko somo la ngapi?"

"La ishirini," alijibu mwalimu. "Anasoma barua. Humu hakuna aliyebaki kwenye ba, be, bi."

Doris alichukua daftari la mahudhurio. "Mzee, nisomee majina haya."

"Macho yangu mabaya."

"Vaa hii. Inakuza hata maandishi ya daftari."

Alivaa. Akainamia daftari.

"Herufi unaziona?"

"Naziona."

"Zinasemaje?"

Mzee alitazama mlango alioufunga mwenyewe.

"Zaburi alikuwa ananisomea mke wangu, nazishika kichwani," alisema. "Alifariki Februari. Nimebakiwa na zaburi nne tu ninazozikumbuka. Nikaichukua nijifunze. Leo mwalimu akawahi kabla sijairudisha. Kikapu kilikuwa karibu, nikaitia humo."

"Ukaona bora nifukuzwe mimi," alisema Marieta.

"Niliona aibu."

Doris alinyoosha mkono, akapewa ufunguo wa mlango. Hakufungua. "Mwambie mama huyu utafanya nini. Sisi tunasikia."

Mzee alivua kofia.

"Marieta, Jumapili, kabla ya Zaburi, nitaliambia kanisa zima kwamba aliyeiba ni mimi. Na kesho nitakaa dawati la mbele, nianzie ba."