Stika Iliyobanduliwa

Kila siku akitoka shule, Shamsa alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, akavua viatu mlangoni, akanawa mikono, kisha akaenda moja kwa moja kwenye meza ya kamera. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake nyumbani kwao Mchafukoge. Alichaji betri, alifuta vumbi kwenye mkoba na kuhakikisha kila memori kadi imo kwenye kijisanduku chake. Mama yake, Maimuna, alikuwa mpiga picha wa sherehe za wanawake. Katika sherehe hizo bibi harusi huvua mtandio na wenzake hucheza kwa uhuru, kwa hiyo mwanamume haingii, hata awe na kamera nzuri namna gani. Wapiga picha wa kike walikuwa wachache, na Maimuna aliaminiwa kwa sababu hakuwahi kuonyesha picha ya mtu kwa mtu mwingine.

Wiki hiyo nyumba haikuwa na utulivu. Lensi ya zamani ilikuwa imeota ukungu ndani, na Jumamosi kulikuwa na sherehe ya Badria, bibi harusi wa Ilala. Bila lensi nzuri, kazi ingekwenda kwa mtu mwingine. Siku ya Jumanne Maimuna alifungua daftari, akachora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja aliandika "Mjini", upande wa pili "Kariakoo".

"Duka la mjini ni laki sita na tisini," alisema. "Waranti mwaka mmoja, na namba ya lensi wanaiandika kwenye risiti. Kariakoo, kwa Gaudens, ni laki nne na sabini. Waranti miezi mitatu. Namba hawaandiki, wanabandika stika ya duka tu."

"Lensi si ni ileile, mama?"

"Ni ileile."

"Sasa unawaza nini?"

"Nawaza siku itakapoharibika."

Shamsa alichezesha mguu chini ya meza. Darasa lao la saba lilikuwa linajiandaa kwenda Mikumi kutazama wanyama, na mwisho wa kulipa shilingi elfu arobaini ulikuwa Jumatatu. Mama alikwisha kusema kwamba kikibaki kitu baada ya kununua lensi, atamlipia. Kwa bei ya mjini, tembo na twiga wangebaki kwenye vitabu.

"Vitu vya siku hizi haviharibiki, mama. Kwani mwaka mzima wa nini?"

"Nani kakwambia haviharibiki?"

"Naona tu."

Maimuna alicheka, akarudi kwenye daftari lake. Alisoma upande mmoja, akasoma wa pili, akafunga, akafungua tena. Mwishowe alisema, "Gaudens namfahamu. Duka lake lina miaka mingi palepale. Tutakwenda kwake, lakini tuijaribu kwenye kamera yetu kabla ya kutoa hela."

Jumatano alasiri walikwenda kwa miguu, wakapita Mnazi Mmoja na kuvuka barabara ya Lumumba. Walipoingia tu Mtaa wa Aggrey, mawinga waliwazunguka. Hao ni vijana wanaovuta wateja barabarani na kuwapeleka kwenye maduka ya watu ili wapate chochote.

"Dada, unatafuta nini? Simu? Chaja? Kava?" aliuliza mmoja, kijana mwembamba aitwaye Mudi. "Lensi? Twende, nakupeleka kwa bei ya udugu!"

"Ahsante, mdogo wangu. Naenda kwa Mangi Gaudens."

"Aa, kumbe wewe mwenyeji! Haya, pita, usinimalizie pumzi."

Gaudens alikuwa mzee kidogo, mtu wa Kilimanjaro, na mtaa mzima ulimwita Mangi, jina wanaloitwa wenye maduka kutoka huko. Aliweka lensi mpya juu ya kaunta. Maimuna aliijaribu kwenye kamera yake, akapiga picha ya feni, ya mlango, ya uso wa Shamsa. Zote zilitoka kali. Gaudens akabandika kwenye lensi stika ndogo ya rangi ya shaba yenye jina la duka na mwezi wa mauzo.

"Stika hii ndiyo waranti yako," alisema taratibu. "Mimi nanunua kwa msambazaji, naye hapokei mzigo usio na stika. Ikibanduka, hatujuani. Mtoto naye amesikia?"

"Nimesikia," alijibu Shamsa. Lakini macho yake yalikuwa kwenye kava za simu zilizoning'inia mlangoni, na alichosikia ni kelele za mtaani tu.

Alhamisi jioni Jacqueline, jirani wa ghorofa ya pili aliyesoma naye, alipanda kuja kuiona lensi. Maimuna alikuwa ametoka kwenda kuonana na familia ya bibi harusi.

"Nzuri," alisema Jacqueline, akiigeuza geuza. Kisha akaiona stika. Akacheka. "Heee! Ya Kariakoo!"

"Kwani kuna nini?"

"Kesho kutwa wale shangazi wa bibi harusi wakiiona hii, watasema mama yako anapigia picha feki. Mama mdogo wangu alinunua pasi Kariakoo, ikaunguza gauni siku hiyo hiyo."

"Hii siyo feki!"

"Mimi nimesema? Watasema wao."

Jacqueline alipoondoka, Shamsa hakuweza kukaa. Alikwenda dirishani, akarudi mezani, akaenda tena dirishani. Kila akiitazama lensi aliiona stika tu, kama doa kwenye shati jeupe. Mwishowe akaishika, akaikwangua kwa ukucha pole pole. Ikatoka nzima. Hakutaka kuitupa kwa sababu ilimeta vizuri, akaibandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake la hisabati, lenye miraba ya bluu. Lensi ilionekana safi, kama ya mjini.

Ijumaa alipotoka shule alimkuta mama ameketi kitandani na kamera mapajani. Kutoka ndani ya lensi kulikuwa na sauti ya kukwaruza, kama panya kwenye boksi.

"Imeanza tangu mchana," alisema Maimuna. "Haishiki fokasi tena. Kila picha inatoka na ukungu. Na sherehe ni kesho saa nane." Alishusha pumzi. "Basi, ndiyo maana ya waranti. Stika tunayo. Ngoja nivae baibui twende kwa Mangi kabla hajafunga."

 Sasa maneno ya Gaudens aliyosema ameyasikia, Shamsa aliyaelewa: stika ndiyo waranti. Mama alipoingia chumbani, alikimbilia begi lake, akafungua daftari la hisabati, akabandua stika. Ilikuwa imepoteza gundi yake na kushika nyuzi za karatasi. Akachukua gundi ya shule, akaipaka, akaibandika palepale ilipokuwa, akaikandamiza kwa kidole gumba huku akihesabu. Alifika ishirini na tatu mama akatoka.

"Umeshika nini?"

"Nilikuwa naifuta, mama."

Maimuna aliitia mkobani bila kuitazama.

Njia ilikuwa ileile ya Jumatano, lakini miguu ya Shamsa haikutaka kufuata mwendo mmoja. Mara alitangulia, mara alibaki nyuma. Alitaka wafike upesi jambo liishe, na alitaka wasifike kabisa.

"Una nini leo? Unatembea kama umekanyaga siafu," alisema mama.

"Joto tu."

Dukani kulikuwa na wateja wanne. Gaudens aliisikiliza lensi kwanza sikioni, akatikisa kichwa. Kisha akaigeuza atazame stika. Aliigusa kwa kidole. Stika ikateleza.

 Gaudens alinusa kidole chake.

"Mama, hii ni gundi ya shule. Tena mbichi."

"Gundi gani, Mangi?"

"Stika imebanduliwa, ikabandikwa. Mwezi uliopita mtu aliniletea lensi iliyozama baharini, kaipachika stika yangu aliyoitoa kwenye lensi nzima niliyomuuzia. Nzima kabaki nayo nyumbani. Sasa na wewe unaniletea hii?"

"Mimi sijabandua kitu, Mangi. Wallahi."

"Basi stika imejibandua yenyewe, ikaenda dukani kununua gundi?"

Wateja wakacheka. Mudi, aliyekuwa ameegemea mlango, akadakia, "Kumbe na akina mama wamo! Kariakoo ina mambo!"

 Mtu mmoja mwenye mfuko wa nyaya alimtazama Maimuna toka juu hadi chini. Maimuna aliichukua lensi, akataka kuirudisha mkobani, lakini zipu ilimshinda. Alivuta, ikakwama, akavuta tena. Shamsa aliona vidole vya mama yake vikishindwa na zipu aliyoifungua kila siku. Vidole hivyo havikukosea hata kwenye sherehe ya watu mia tatu.

Angeweza kunyamaza. Wangerudi nyumbani, na mama asingejua kamwe.

"Ni mimi," alisema Shamsa.   "Ni mimi niliyeibandua. Mama hajui."



"Niliibandua jana kwa sababu niliona aibu. Rafiki yangu alisema watu wataiita feki. Nikaiweka kwenye daftari langu. Leo ilipoharibika nikaibandika kwa gundi. Lensi ni hiyohiyo ya Jumatano. Mama hakubadilisha kitu. Hajawahi kumdanganya mtu." Machozi yalikuwa yanakuja, lakini alikuwa na jambo jingine, na alitaka litoke lote. "Na juzi uliponiuliza kama nimesikia, nilisema ndiyo. Sikusikia. Nilikuwa natazama kava."

Maimuna alimgeukia, kisha akairudisha lensi juu ya kaunta.

Gaudens alivaa miwani yake. Aliinua stika kwa ncha ya kisu, akaona nyuma yake nyuzi za karatasi zenye mistari midogo ya bluu ya miraba. Akavuta kiti, akaketi, akafungua kifuniko cha lensi na kuimulika kwa tochi kutoka pande zote. Alichukua muda mrefu. Mudi alitaka kusema neno, Gaudens akamnyamazisha kwa kidole.

"Haijaanguka," alisema mwishowe. "Haina maji wala mchanga. Mota ya ndani ndiyo mbovu. Huo ni ugonjwa wa kiwandani." Akamtazama Maimuna. "Mama, nimekusema vibaya mbele za watu. Naomba radhi mbele za watu haohao."

"Yamekwisha, Mangi," alisema Maimuna, akitumia ncha ya mtandio kufuta uso.

"Lakini waranti imekufa. Msambazaji hataipokea, na kweli hawezi kulaumiwa. Kuna fundi ghorofa ya juu hapa. Kazi kama hii ni elfu themanini. Nalipa nusu, kwa kuwa nawe umenunua kwangu. Kesho tumia hii." Akatoa lensi ya mfano kwenye kabati la kioo. "Niachie kitambulisho, Jumatatu urudishe."

Nusu ilikuwa elfu arobaini. Shamsa hakuhitaji kupiga hesabu.

"Mama, ile ya Mikumi," alisema.

"Ndiyo," alijibu Maimuna. "Ni hiyo."

Jumamosi Maimuna alipiga picha za Badria, mamake na shangazi zake wote, na hakuna aliyeuliza lensi ilinunuliwa wapi. Waliuliza picha zitakuwa tayari lini.

Jumatatu, wakati wenzake wakijipanga kwa mwalimu kulipia safari, Shamsa alibaki kwenye dawati akichora miraba isiyo na maana. Iliuma. Baada ya shule alikwenda na mama Kariakoo kurudisha lensi ya mfano. Lensi ilikuwa imepona, haikwaruzi tena. Gaudens alikuwa na kitabu kipya cha risiti kwenye kaunta.

"Njoo, binti," alisema. "Macho yangu yamechoka. Nisomee namba ndogo iliyoandikwa pale chini ya lensi, tarakimu moja moja. Kuanzia leo kila mteja naandika namba ya lensi yake. Stika peke yake nimeona haitoshi."

Shamsa alisoma, Gaudens akaandika, kisha akasoma tena ili wahakikishe.

Walipotoka nje, Shamsa aliuliza swali lililokuwa likimzunguka tangu Ijumaa. "Mama, tulikosea kununua Kariakoo?"

 Walingoja mkokoteni wa mabelo ya nguo upite.

"Sijui kama tulikosea," alisema Maimuna. "Bei nafuu huja na masharti yake. Ukiyakubali, inabidi uyatunze, kwa sababu ndiyo uliyonunua pamoja na kitu. Mimi niliyakubali lakini sikukaa nawe nikueleze kwa nini. Hilo ni langu. Wewe ulisema umesikia na hukusikia, ukaharibu kitu, ukakificha. Hilo ni lako."

"Ndiyo, mama."

"Lakini sikiliza na hili. Fundi anaweza kutengeneza lensi. Ungenyamaza pale dukani, ningerudi nyumbani na jina la utapeli, na jina likishaharibika Kariakoo hakuna ghorofa lenye fundi wake. Kubandua stika kumekugharimu Mikumi, na kuchelewa kusema kweli nusura kunigharimu jina langu. Siku nyingine iseme mapema, mwanangu. Ukweli ukitoka mapema, gharama yake huwa ndogo."

Akamshika mkono, wakavuka barabara.