Jina la Fidencia Chini ya Zulia Lake

Asubuhi hiyo Doña Fidencia, yaani Bi Fidencia, alikuwa kwenye mtambo wake, anafuma. Binti yake, Yadira, alikuwa anachoma chapati za mahindi. Hapa kwetu San Melchor, kwenye wafumaji wengi, tunaamka mapema, maana zulia halijifumi.

Zulia la sufu nyekundu humla mtu miezi. Lakini mfanyabiashara wa mjini akilinunua, hubandua kibandiko chenye jina la mfumaji na kuweka jina la duka lake. Wageni wanamsifu yeye. Huo ni wizi mtupu, na inaniuma kwamba tuliuzoea.

Yadira alikataa kuuzoea. Alitengeneza ukurasa wa familia kwenye mtandao. Kila zulia lilikuwa na picha yake, na chini yake jina la aliyelifuma.

Chapati hazijaiva, Hermila akaingia na simu mkononi. Hermila ni wifi yake Fidencia.

"Wifi, asante kwa zawadi," alisema huku akicheka. "Zulia lako jekundu linasema nimelifuma mimi."

Fidencia aliacha kazi, akatazama ukurasa kwenye simu ile. Kweli, majina yalikuwa yamehama. Jina lake lilikuwa chini ya kizulia kilichopinda, kile Hermila alichofuma alipokuwa anajifunza.

"Yadira, njoo hapa," aliita. "Yule wa mjini ameninyang'anya jina miaka yote. Sasa na wewe, niliyekuzaa?"

"Mama, kwenye kompyuta yamekaa sawa. Nimeyapanga mwenyewe."

"Mteja wangu hatembei na kompyuta mfukoni. Nenda karekebishe."

Yadira alibeba kompyuta hadi kwa jirani yao, Nazaria, anayetunza kurasa za mtandao za maktaba ya mji. Fidencia alimfuata nyuma, bado amefura.

"Majina uliyapangaje?" Nazaria aliuliza.

"Nilibonyeza kitufe cha nafasi mpaka jina likafika chini ya zulia lake. Nilihesabu nafasi, kama tunavyohesabu nyuzi."

"Mfumaji ni mfumaji tu," Nazaria alisema. "Kwenye mtambo upana haubadiliki. Lakini kioo cha simu ni chembamba. Mstari ukikosa nafasi, maneno yanashuka chini, na hesabu yako yote inavurugika."

"Sasa mbona kompyuta haikuniambia?"

"Itakuambiaje? Imeona nafasi tupu tu. Haijui kwamba jina hili ni la zulia hili. Futa nafasi zote."

Yadira alifuta. Roho ilimuuma, lakini alifuta.

"Bonyeza alama ya kujumlisha. Unaona? Kuna kipande cha picha, cha kichwa, cha maandishi, na hiki cha safuwima, yaani vyumba vilivyosimama kando kwa kando. Chukua safuwima. Katika ya kwanza weka picha ya zulia jekundu. Humo humo, chini ya picha, weka kipande cha kichwa chenye jina la mama."

"Na kwenye simu?"

"Safuwima itashuka nzima, na picha na jina lake. Haviachani."

Yadira alianza kupaka jina rangi. Nazaria akamshika mkono.

"Usipake moja moja. Hapo juu kuna mitindo ya ukurasa mzima. Chagua rangi na ukubwa wa vichwa mara moja, vyote vitafuata. Na kabla ya kuchapisha, kuna kitufe cha kuona ukurasa utakavyokaa kwenye simu. Usikiruke."

Ukurasa ulipochapishwa, Fidencia alichukua simu. Aliisimamisha, akailaza, akaisimamisha tena, kama anayetafuta fundo bovu. Jina lake halikusogea.

"Hata la wifi limebaki na kizulia chake," alisema. "Haki ni haki."

Wiki iliyofuata simu ililia. Alikuwa mwanamke wa mji mkuu.

"Nimeona zulia jekundu kwenye ukurasa wenu," alisema. "Nataka kama hilo. Ninalo moja la mkono huo huo, nililinunua dukani. Waliniambia limefumwa na mafundi wao."

"Lina ndege wawili pembeni, na mmoja ametazama nyuma?" Fidencia aliuliza.

"Ndiyo. Umejuaje?"

"Nimelifuma mimi," Fidencia alisema. "Zulia jipya nitakutengenezea. Lakini kwanza chukua kalamu, ligeuze hilo ulilo nalo, uandike nyuma yake: Fidencia. Nasubiri."