Nyuzi za Upande wa Kushoto

Kufikia saa sita mchana Jemutai alikuwa ameshaingia maduka manne, akiulizia kitu ambacho hakuna aliyekijua. "Waya za dalsima," alisema katika duka la kwanza, na muuzaji akamwonyesha gitaa. Katika duka la tatu alishauriwa ajaribu kwa watu wa dawa. Mvua ilikuwa imelowesha sketi yake ya samawati hadi magotini, na raba zake nyeupe zilikuwa zimegeuka rangi ya udongo. Mwishowe akakumbuka jina ambalo mwalimu mmoja Mwirani alilitumia kwenye video za simu. Akamwendea mama aliyeuza mitumba kando ya soko.

"Mama, hapa tao naweza pata wapi waya za santuri?"

"Santuri? Si uende kwa Kituyi, pale chini ya ngazi. Huyo ndiye wa santuri."

Kituyi alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na moja, mrefu, mwenye koti la jinzi na miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja. Kibanda chake kilijaa redio zilizofunguliwa matumbo na sahani kuukuu za muziki.

"Nataka waya za santuri," Jemutai alisema.

Kituyi aliinua sahani moja nyeusi. "Santuri haina waya, madam. Santuri ni hii. Iko na mifereji tu."

"Si hiyo. Ile yenye nyuzi. Inapigwa na nyundo."

"Nyundo?"

"Nyundo mbili."

"Basi toka kwa kibanda yangu pole pole, kabla hujamaliza stoki."

Jemutai alicheka bila kupenda, akamwonyesha picha kwenye simu. Lilikuwa sanduku bapa la mbao, pana chini na jembamba juu, lenye nyuzi zaidi ya sitini zilizolazwa juu ya madaraja mawili. Kituyi aliitazama picha hiyo kwa muda mrefu. Yeye alitoka upande wa Bungoma, na tangu utotoni alikuwa amepiga litungu, ala ya Wabukusu yenye nyuzi saba.

"Hii ni litungu imeoa ikazaa," alisema hatimaye. "Nipe siku tatu, nitakutafutia waya za piano. Na uniachie namba."

"Namba ya nini?"

"Ya waya, madam. Wewe ulidhani ya nini?"

Waya zilipatikana baada ya siku mbili.

Jemutai alikuwa mwalimu wa muziki katika shule ya msingi ya Kimumu, binti wa mkulima wa mahindi kule Sugoi. Dalsima, sanduku lile la nyuzi, aliachiwa na Mama Ruth, mkunga Mmarekani aliyehudumu kwenye zahanati ya misheni huko Soy hadi alipozeeka na kurudi kwao. Mama Ruth alimfundisha nyimbo za kanisa na ngoma za milimani kwao. Alipoondoka, Jemutai akaendelea na yule Mwirani wa kwenye simu, aliyepiga kwa vijiti vyembamba, kiganja kikitetemeka mpaka sauti ikawa kama mvua juu ya mabati. Sasa Kituyi alikuja kila Jumapili baada ya ibada, litungu likiwa begani, kumfundisha ya kwao.

"Unagonga kama unaua nyoka," alimwambia.

"Si ni nyundo?"

"Litungu haigongwi. Inaongea. Babu alikuwa anasema kama mkono wa chini hausemi ukweli, wa juu unapiga kelele bure."

"Na mkono wangu unasema nini?"

"Unasema haujakula lanchi."

Alimchongea nyundo mpya, nyepesi, akazifunga ngozi laini kichwani ili sauti isikwaruze. Kufikia Juni walikuwa wakipigiana simu kila mapumziko ya shule.

"Halo, Kitu changu," Jemutai angesema.

"Kitu chako kimekosa chai tangu asubuhi."

"Aki pole. Na mahali kwenye moyo?"

"Huko kumejaa. Kuna mwalimu amehamia na vyombo vyake vyote."

Ila kulikuwa na jambo ambalo Jemutai hakumwambia. Mwezi wa nane alituma maombi ya mafunzo ya mwaka mmoja na nusu huko Hungaria, ambako ndugu mkubwa wa dalsima hupigwa kwenye kumbi na harusini. Akaitwa kwa barua kufanyiwa majaribio mjini Eldoret, Jumamosi moja ya Septemba, saa nne asubuhi. Kila Jumapili alijiambia atamweleza Kituyi, na kila Jumapili Kituyi alikuja akicheka, mvua mabegani, naye akaona bora angoje ajue kama amefaulu. Mtu wa pekee aliyejua alikuwa Brenda, binamu yake muuguzi aliyeishi naye.

Ijumaa, siku moja kabla ya majaribio, Jemutai alizuiwa shuleni na mkutano wa wazazi, akarudi amechoka, akalala bila kuigusa dalsima. Asubuhi mvua ilinyesha vibaya. Tuktuk aliyoikodi ilinasa kwenye tope la Kimumu, na alipofika ukumbini, gauni lake la kijani limerowa pindoni, jina lake lilikuwa likiitwa.

Aliweka ala mezani, akagonga waya mmoja wa kulia. Sawa. Akagonga wa kushoto. Sauti ilikuwa ngeni. Akagonga wa pili, wa tatu. Nyuzi zote za upande wa kushoto zilikuwa zimekazwa kwa sauti nyingine.

"Kuna shida?" aliuliza mzee mmoja wa jopo.

"Naomba muda kidogo, nitengeneze. Kama saa moja hivi."

"Tunaweza kukupa dakika tano, mwalimu. Wako wengi nje."

Alipiga hivyo hivyo, akikwepa kushoto kama mtu anayetembea kwenye nyumba yenye sakafu iliyooza. Katikati ya wimbo wa pili mkono ulisahau, ukagonga pale palipokatazwa, na sauti iliyotoka ikamfanya mama mmoja wa jopo ainamishe macho. Jemutai akaweka nyundo chini. Hakumaliza.

Alimpigia Kituyi akiwa bado kwenye veranda ya ukumbi.

"Uliigusa dalsima yangu?"

"Ndio. Jana. Brenda alinifungulia akienda kazini. Nilitaka kukushtua, Jemu. Niliiweka kwa sauti ya litungu, nikupigie wimbo wa babu leo jioni. Nilikuwa na kitu nataka kukuuliza."

"Leo nilikuwa na majaribio, Kituyi! Ya kwenda Hungaria! Nimeaibika mbele ya watu sita!"

"Kwa hivyo unaenda Hungaria." Sauti yake ilikuwa chini. "Na mimi ningejua lini? Ukiwa kwa ndege?"

"Usigeuze maneno!"

"Sigeuzi. Nauliza ningejua lini."

Jemutai alikata simu. Siku hiyo hakula. Jumapili hakuna aliyebisha mlango, wala Jumapili iliyofuata. Shuleni watoto walimwona akisahau maneno ya nyimbo alizowafundisha mwenyewe.

Brenda ndiye aliyechoka kwanza. Alimkuta jikoni akikoroga uji uliokuwa umeungua zamani.

"Unamkasirikia mtu wa watu bure," alisema. "Siku ile alikuja amenyoa, amevaa shati jipya. Aliniambia anataka kukuchumbia, hakusema atagusa nyuzi. Angejua aje kuhusu majaribio na wewe mwenyewe ulinikataza nisiseme?"

Jemutai alizima jiko. Maneno yale yalimchoma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Kesho yake, mapumziko ya mchana, alijifunga leso ile ya zambarau ambayo Kituyi aliipenda, akashuka mjini hadi chini ya ngazi.

Kituyi alikuwa amekonda. Alisimama haraka, bisibisi ikaanguka.

"Nimekuja kuomba msamaha," Jemutai alisema. "Nilikuficha jambo kubwa, halafu nikakulaumu. Wewe hukujua chochote."

Kituyi angeweza kunyamaza. Msamaha ulikuwa umeletwa mpaka kibandani kwake. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena.

"Usiniombe msamaha, Jemu. Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilipomaliza kukaza nyuzi nikataka kufunika. Barua yako ya majaribio ilikuwa chini ya kitambaa. Nikaisoma. Nikaona Hungaria, nikaona mwaka na nusu, nikaona kesho saa nne. Nilikuwa na masaa mawili kabla utoke shule. Ningerudisha kila waya mahali pake."

"Na ukafanya nini?"

"Nikafunika. Nikaenda nyumbani."

Watu walipita wakibishana na wauzaji wa viatu. Jemutai alishika ukingo wa meza.

"Mbona umeniambia? Ungenyamaza singejua maisha yangu yote."

"Ndio maana," Kituyi alisema. "Ungeolewa na mimi, hiyo kitu ikiwa ndani ya nyumba."

Jemutai aliondoka. Alitembea hadi Kimumu kwa miguu, na njiani aligundua kwamba amevua leso na kuikunja ikawa ndogo kama mkate.

Wiki mbili baadaye ukaja ujumbe kutoka kwa jopo. Yule mama aliyeinamisha macho alikuwa amewaomba wenzake: mwalimu wa dalsima atume rekodi, vipande vinne kutoka mapokeo manne, kabla ya mwisho wa Oktoba. Jemutai alichukua ufunguo wa kukazia nyuzi ili aurudishe upande wa kushoto kama zamani. Kabla hajaanza, akaugonga mara moja, kwa hasira tu. Kisha mara ya pili, taratibu. Wimbo ambao nyanya yake aliimba Sugoi akikamua ng'ombe, ambao haukuwahi kukubaliana na nyuzi za Mama Ruth, ulikuwa umejilaza pale kama mtu aliyerudi kwao. Jemutai alilia. Alitamani usikike vibaya, nao haukusikika vibaya.

Alipiga simu mchana.

"Uko job?"

"Niko," Kituyi alijibu.

"Beba litungu uje Jumamosi. Usije kama mpenzi. Kuja kama mpigaji."

"Sawa, mwalimu."

Alikuja kwa wakati, akaketi kwenye kiti kilicho karibu na mlango. Hata ilipobidi meza isogezwe, aliuliza kwanza, "Naweza kuishika?" Jemutai akajibu, "Shika upande wa mguu." Brenda ndiye aliyerekodi kwa simu. Walianza na wimbo wa kanisa wa Mama Ruth, upande wa kulia peke yake. Ukafuata ule mtetemo wa Mwirani. Kisha Kituyi akaingia na nyuzi zake saba, na Jemutai akamfuata chini chini, mkono ukiongea. Mwisho ukawa wimbo wa Sugoi. Walirudia mara tano. Mara ya tano hakuna aliyekosea, na Brenda akasahau kuzima simu.

"Asante," Jemutai alisema. "Unaweza kwenda."

Akaenda.

Jibu lilikuja mwezi wa Desemba: amekubaliwa. Asubuhi moja ya Januari, kwenye uwanja wa ndege wa Eldoret, Jemutai alisimama kwa koti zito la mtumba, dalsima ikiwa ndani ya sanduku alilopigiliwa misumari na baba yake, ambaye alikuwa ameshamuaga nyumbani. Kituyi alifika akihema, shati limetoka kwenye suruali.

"Sikuja kukuzuia," alisema. "Ile jioni ya Septemba nilitaka kukuuliza kama utakuwa mke wangu. Bado nauliza. Hata ukikataa, uende ukijua."

Jemutai alikuwa bado anampenda, na hilo lilimkasirisha.

"Siwezi kukujibu. Nikikuangalia naona ule ukumbi."

"Nifanye nini?"

"Enda Sugoi. Umwambie babangu ulichonifanyia, wewe mwenyewe, bila kupunguza. Baba hajui. Anadhani niligonjeka siku hiyo. Akikufukuza, basi yameisha. Akikuambia uketi, nipigie."

"Atanikata na panga."

"Labda," Jemutai alisema, akachukua mizigo yake.

Siku tisa zilipita. Huko Hungaria theluji ilikuwa imefunika madirisha, na vidole vya Jemutai vilikuwa vimeota malengelenge kwa mazoezi. Jumamosi, saa nne asubuhi ya huko, simu ikalia.

"Uko wapi?" aliuliza kabla ya salamu.

"Sugoi." Nyuma yake mashine ya kupukuchua mahindi ilikuwa ikinguruma. "Nimefika saa mbili. Nimemwambia yote. Mpaka ile ya kufunika."

"Akasema?"

"Hakusema. Alinipa gunia, akaniambia nibebe. Nimebeba mpaka sasa. Jemu, mgongo umeisha."

"Kituyi, amesema uketi ama hajasema?"

Pakawa na mkwaruzo, simu ikabadilisha mikono. Sauti nzito ya baba yake, Mzee Kipyego, ikaja, akipaza kana kwamba Hungaria ni ng'ambo ya shamba.

"Jemutai! Huyu kijana amenieleza kitu mbaya sana."

"Ndio, baba."

"Nimemkasirikia. Nitamkasirikia mpaka mwezi wa tatu, pengine wa nne."

"Ndio, baba."

"Lakini mama yako ameweka chakula mezani," mzee akasema, "na mimi nimemwambia aketi."

Jemutai alifunga macho. Hakujua amesimama tangu lini.

"Mpe simu, baba," alisema. "Ananidai jibu."